Chuo changu cha sanaa Kisumu: tanuru lilivunja vyungu, mimi nikapewa ufagio

Niliapa nisiandike neno mpaka hasira itulie. Haijatulia, na muhula unakaribia kufunguliwa, kwa hivyo acha niseme.

Vijana waliomaliza kidato cha nne hapa Kondele huniuliza kila mara kama wajiunge na chuo ninakosomea. Tangu siku ile jibu langu limekuwa moja: usiende.

Ilikuwa mwisho wa muhula, msimu wa mvua. Nilikuwa na vyungu sita vya kusahihishwa, kazi ya karibu muhula mzima. Nilivijenga kwa mkono, kamba ya udongo juu ya kamba, bila gurudumu. Wiki ya kwanza mwalimu alikuwa ametuonyesha picha za kazi za Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950 na ambaye vyungu vyake viko hadi British Museum, akatuambia mama huyo hujenga kwa mkono. Usiku ule sikulala. Nyanyangu alifinyanga hivyo hivyo maisha yake yote na hakuna aliyewahi kumwita msanii.

Sasa elewa kitu kimoja. Chungu kinaweza kuonekana kikavu na bado kina maji ndani. Ukipandisha moto haraka, yale maji hugeuka mvuke kwenye nyuzi 100, hayapati pa kutokea, chungu kinalipuka. Ukifika karibu na nyuzi 573, chembe za mchanga zilizo ndani ya udongo hutanuka ghafla, kwa hivyo hapo pia unakwenda polepole. Haya tulifundishwa na chuo hichohicho, yamo kwenye daftari langu! Nikamwambia fundi wa karakana, "Mzee, hivi viwili nikiviweka shavuni bado ni baridi, maji hayajatoka. Naomba vingoje hadi Jumatatu." Akasema foleni ni ndefu, na stima ikipotea tena hatapata siku nyingine. Akavipanga vyote sita, akawasha.

Tulipofungua mlango tulikuta vigae. Viwili vililipuka, vipande vikapiga vile vinne vingine pamoja na bakuli za mwenzangu.

Hayo ningeyameza. Moto ni moto. Lakini mkuu wa idara alikuja, akasimama mlangoni, akasema mbele ya darasa zima, "Nani alikwambia sanaa ni ya wenye roho laini? Fagia, wenzako wanangoja." Akaninyooshea ufagio. Nikafagia. Mama yangu huuza omena kunilipia karo, na mimi nilikuwa nafagia karo hiyo. Kwenye fomu ya alama akaandika kwamba sikuwasilisha kazi.

Ila nikisema chuo chote hakifai nitakuwa mwongo. Yuko mwalimu wa uchoraji aliyetupeleka Dunga tukachore mashua, halafu akatukataza kuchora mashua. "Choreni nafasi iliyo katikati yake." Siku kadhaa nilimchukia. Kisha kitu kikafunguka, na tangu hapo sipandi matatu bila kuangalia mwanga ulivyolala shavuni mwa kondakta. Hilo nisingelipata peke yangu. Tarajia basi kwamba mwaka wa kwanza hutatengeneza kitu kizuri cha kumwonyesha mtu nyumbani. Tarajia kununua karatasi, penseli na rangi juu ya karo, kila wiki, bila kuonywa. Tarajia pia kukosolewa mbele ya watu, na usiogope hilo. Mwenzangu mmoja aliniambia mdomo wa chungu changu unaonekana kama unaomba msamaha. Niliumia, nikarudi, nikaujenga upya, ukawa bora mara mbili.

Lakini yule mwenzangu alikizunguka chungu kwanza, akakitazama. Mkuu wa idara hakuinama hata kuokota kigae kimoja. Miaka yake yote ya kufundisha, na hakutaka kujua kilivunjika vipi!

Jumapili nilipeleka kigae Kibuye, kwa mama mmoja anayeuza vyungu. Alikigeuza, akatazama palipovunjika, akaniuliza, "Nani alikuharakisha, nyathina?" yaani mwanangu. Akanieleza jinsi yeye huwasha nyasi ndani ya chungu kwanza, kukipasha moto taratibu kabla ya kukichoma. Dakika kumi, bila karo. Nililia pale sokoni.

Kwa hivyo sijui tena kama niseme usiende. Nenda, ila kabla ya kulipa omba uonyeshwe tanuru, uliza nani huliwasha, na uliza alama zako zinakwenda wapi kazi ikivunjikia mikononi mwao.

Nimewaandikia barua nikitaka nipimwe kwa michoro na picha nilizopiga vyungu vikiwa vizima. Hii ni wiki ya tatu, kimya. Vigae viko kwenye gunia chini ya kitanda changu, na siku wakiniita nitakwenda navyo.