Kikasha cha kupima vinasaba baada ya kupasuliwa moyo: nyota 2 kati ya 5

Nianze na bao, maana hapo ndipo nilipojigundua. Wiki ya sita baada ya kupasuliwa moyo, shemeji yangu alikuja na bao lake nyumbani kwetu Silver Spring, Maryland. Hatua ya kwanza, namua, ikapita salama. Tulipoingia ya pili, mtaji, nikaanza kuhesabu mbele kama nilivyozoea tangu barazani Tanga: kete zinafika hapa, zinakula pale, zinazunguka tena. Mzunguko wa pili hesabu ikakatika. Nikaanza upya, ikakatika palepale. Shemeji akajifanya anatafuta chaja ya simu.

Binti yangu Zuhura alikuwa amesoma kwamba kuna jeni inayowafanya wengine wapungukiwe kumbukumbu baada ya upasuaji wa moyo. Akaniagizia kikasha cha kupima vinasaba kwa mate, dola 199. Kampuni siitaji.

Maelekezo: usile, usinywe, usivute kitu nusu saa kabla. Kichupa kina mstari, na mate lazima yaufikie, povu halihesabiwi. Sasa mimi nameza kidonge cha kupunguza maji mwilini, mdomo mkavu kama kifuu. Dakika 25 nimekaa ukingoni mwa kitanda natema, mke wangu kasimama mlangoni ananitajia embe bichi, chumvi, pilipili. Embe ndiyo iliyofanya kazi. Kifuniko kinajifunga vizuri, boksi la kurudishia limeshalipiwa posta. Nyota ya kwanza wameipata kwa hilo.

Majibu yalikuja baada ya wiki tano. Kabla ya kufunguliwa ukurasa wa jeni ya APOE nilibonyeza "nimeelewa" mara nne. Jeni hii iko kwenye kromosomu ya 19, inatengeneza protini ya kubeba mafuta, na kila mtu ana nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Nakala hizo huja kwa aina tofauti; mimi nina e3 na e4. Hiyo e4 ndiyo inayoogopwa. Ila ripoti nzima ilizungumzia Alzheimer, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu uzeeni. Upasuaji wa moyo haukutajwa hata kwa bahati mbaya. Na asilimia walizoniwekea ni za watu wenye asili ya Ulaya. Mimi ni Mdigo! Ibadan, Nigeria, watafiti waliwakuta Wayoruba wengi wana e4, lakini haikuonekana kuwaletea Alzheimer kwa nguvu ileile waliyoiona kwa Wamarekani weusi wa Indianapolis.

Nikaanza kusoma mwenyewe. Habari ya Zuhura ina mzizi wa kweli: mwaka 1997 madaktari wa Chuo Kikuu cha Duke walipima wagonjwa 65 wa moyo, wakaona wenye e4 wanapungukiwa zaidi. Tafiti zilizofuata hazikukubaliana. Nyingine hazikuona uhusiano wowote. Mwaka 2007 watu wa Duke walitaja jeni nyingine, CRP na P-selectin, zinazohusika na namna mwili unavyovimba ukijeruhiwa. Hizo ripoti yangu haina.

Kilichonifariji hakikutoka kwenye kikasha. Ni utafiti wa Duke wa 2001, wagonjwa 261 waliowekewa mishipa mipya kama mimi: asilimia 53 walikuwa wamepungukiwa siku ya kuruhusiwa, 36 wiki ya sita, 24 mwezi wa sita. Wiki ya sita, wiki yangu ya bao! Baada ya miaka mitano idadi ilipanda tena hadi 42, lakini watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins waliwafuatilia waliopasuliwa pamoja na wagonjwa wa moyo wasiopasuliwa, wakakuta baada ya miaka hata hao wasiopasuliwa wanashuka karibu vilevile. Basi lawama kubwa ni ya mishipa iliyochakaa, na mishipa ina presha na sukari nyuma yake.

Daktari wangu aliitazama ripoti kwenye simu kidogo tu, akaniuliza kama nakoroma, kama nalala, kama nina huzuni. Akanipa karatasi: chora saa, kumbuka maneno matano. Nilikumbuka matatu. Karatasi hiyo ningepewa kabla ya upasuaji, leo tungekuwa na cha kulinganisha. Hospitali haikunipa, na sikujua kuiomba. Wewe iombe.

Kama bado unakitaka kikasha, kata bima ya maisha kwanza. Sheria ya Marekani ya 2008 inazuia bima ya afya na waajiri kutumia vinasaba dhidi yako. Bima ya maisha haimo.

Na watoto je? Jioni ile nilimsomea Zuhura majibu. Akauliza, "Kwa hiyo na mimi, Baba?" Nusu kwa nusu, nikamwambia. Alinyanyuka akaenda kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

Nyota ya pili ni ya kitufe cha kufuta data na kuharibu sampuli. Kinafanya kazi. Nimekibonyeza jana.