Kutoa kutu kwenye vifaa vya zamani: ununue nini kwanza

Wakuu, kila nikipita soko la Mlango Mmoja hapa Mwanza narudi na chuma chenye kutu, mara patasi mara randa mara jiliwa, wife ameshazichoka ndoo zangu pale uani. Ziwa letu halina chumvi kama bahari ya Dar lakini masika unyevu ni uleule, chuma hakisalimiki. Dawa nimenunua karibu zote, nyingine najuta, nazipanga hapa kuanzia ninayoikubali zaidi.

Ya kwanza ni asidi ya sitriki, ule unga mweupe unafanana na sukari. Usihangaike hadwea, nenda wanakouza malighafi za sabuni, wanakupimia hata kidogo. Gramu 50 hadi 100 kwa lita moja ya maji, yakiwa ya vuguvugu inachapa kazi fasta, zamisha chuma chote maana ukiacha nusu iko nje unapata mstari ambao hautoki, afu iache masaa kadhaa au ilale humo. Utaona vipovu vinapanda na maji yanakuwa rangi ya chai. Ile patasi ilikuwa nyeusi tii, asubuhi nikaisugua na mswaki wa zamani likatoka tope kama machicha ya kahawa, chini yake ikatokea chapa ya kiwanda ambayo wala sikujua ipo.

Sasa hapo ndo wengi tunaharibu. Chuma kikitoka kwenye asidi kiko uchi kabisa, mi jiliwa nililisuuza vizuri nikaliacha dirishani likauke lenyewe, nimeenda kunywa chai narudi limeshapiga kutu mpya ya njano juu hadi chini. Suuza na maji yenye magadi, futa, anika juani kali, likiwa bado la moto paka oili hapohapo. Kwa hiyo ukinunua sitriki beba na magadi na kichupa cha oili ya cherehani, bila hivyo hela umetupa.

Ya pili vinega, ile ya kawaida ya asilimia 5. Inafanya kazi ila inajivuta, siku nzima au hata mbili, na kuzamisha kitu kikubwa utanunua chupa mpaka uone bora ungechukua sitriki. Kwa bolti au plasi moja sawa tu. Ndimu na chumvi ziachie shaba iliyofubaa, unasugua kidogo inang'aa. Ila usiloweke shaba na chuma ndoo moja, mi koki yangu ilitoka na mabaka ya pinki, na chenye zinki kama mabati usiloweke kabisa, zinki yote inaliwa.

Ya tatu brashi ya waya na msasa, namba 120 kwanza afu 400. Panga na jembe safi kabisa, lakini kwa randa punguza mikono, msasa unakula kutu na chuma chenyewe. Ukifunga brashi kwenye grinda vaa miwani, zile nyaya zinachomoka.

Dizeli na mafuta ya taa ni za kulegeza nati iliyokamata, kutu yenyewe inabaki inakutazama. WD-40 naiweka hapohapo, ilitengenezwa Marekani 1953 na jina lenyewe lina maana ya kufukuza maji, ni jaribio la 40, kwa hiyo injini ya boti ikilowa puliza, ila usitegemee kopo moja litarudisha msumeno uliooza. Na ukiona chupa ya maji imeandikwa kwa kalamu "dawa ya kutu" inuse kwanza, mi niliuziwa mafuta ya taa kwa bei ya maajabu.

Asidi ya betri siipi hata namba. Inakula chuma kizima pamoja na kutu, mvuke wake unakaba kifua, na springi ikilowa humo inaweza kuja kukatika ukiwa kazini.

Maji ya sitriki usimwage baada ya kifaa kimoja, loweka kingine na kingine mpaka uone yamepoa kazi.