Asilimia mbili ya mshahara wangu inakwenda chama cha wafanyakazi: uzoefu wangu kiwandani

Mwezi ambao sina ovataimu, slipu yangu inasomeka hivi: mshahara wa msingi 380,000, NSSF 38,000, kodi ya mshahara 5,760, chama 7,600. Yaani chama kinanikata kuliko kodi. Ndiyo maana kila kijana akipewa slipu yake ya kwanza pale kiwandani huweka kidole kwenye mstari huo na kuuliza hela yake inakwenda wapi. Nimeulizwa mara nyingi tukiwa getini tunabadilishana shifti, na pale huwezi kumweleza mtu akaelewa. Naandika yote hapa.

Jibu langu kwa ufupi: pale ninapofanya kazi mimi, hela hiyo ina faida, tena kubwa. Kwingine sina hakika, na kuna sehemu ningemshauri mtu asisaini kabisa. Mimi ni mwanachama wa kawaida, sijawahi kushika uongozi wa tawi. Naendesha mashine ya kupuliza madumu katika kiwanda cha plastiki kando ya Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam. Kiwanda sikitaji na chama sikitaji, kwa sababu nina maneno ya kusema juu ya wote wawili.

Wengi wanadhani unapolipa ada unalipia mtu wa kukutetea siku ukigombana na supavaiza. Huyo yupo, nitamfikia. Lakini kinachonifanya nilipe ni mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya maandishi kati ya chama na mwajiri juu ya malipo na masharti ya kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka viwango vya chini: saa 45 kwa wiki, ovataimu kwa mara moja na nusu, nyongeza ya asilimia 5 kwa saa za usiku, likizo ya siku 28, uzazi siku 84. Hivyo ni vya kila mtu, uwe na chama usiwe nacho. Kima cha chini cha mshahara nacho hutangazwa na serikali. Amri iliyoanza kutumika Januari 2023 iliweka 150,000 kwa mwezi kwa sisi wa viwandani. Ninawajua wenzangu wa kiwanda cha jirani kisicho na tawi ambao walilipwa hiyo hiyo 150,000, haikuongezwa hata mia.

Kila kitu kilicho juu ya hapo hupatikana kwa kukaa mezani. Sisi hali bora yetu imetupa nauli ya likizo, posho ya usiku inayozidi ile ya sheria, gari la kuturudisha shifti ya usiku inapotoka, na msiba ukitokea kampuni inatoa jeneza na usafiri wa mwili. Mwanamke anayeshuka daladala peke yake saa nane za usiku huko Gongo la Mboto au Chanika anajua thamani ya lile gari. Halikuja kwa huruma ya mtu. Liliandikwa kwenye mkataba baada ya kamati ya tawi kulikatalia kata kata pendekezo la kampuni la kutupa nauli mkononi.

Ila kipengele kikubwa kuliko vyote ni kiinua mgongo, na hapa naomba msomaji achukue kalamu. Sheria inasema ukipunguzwa kazi unalipwa mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliofanya kazi, mwisho miaka 10. Kwa mshahara wangu siku moja ni kama 14,600, yaani 380,000 kugawa kwa siku 26 za kazi. Siku 7 ni 102,000 na kidogo. Miaka 10 ni kama 1,023,000. Hali bora yetu inasema mshahara wa mwezi mzima kwa kila mwaka, kwa hiyo miaka hiyo hiyo 10 ni 3,800,000. Ada ya chama kwa miaka 10, kwa 7,600 kila mwezi, ni 912,000. Toa mwenyewe uone. Hata usipougua, usipofiwa, usipogombana na mtu, kipengele hicho kimoja kimerudisha ada yako yote na kukuachia zaidi ya milioni moja na laki nane.

Utasema, je, nisipopunguzwa? Mimi nilisema hivyo hivyo, mpaka kiwanda kilipofunga laini moja ya uzalishaji. Sheria inamtaka mwajiri anayetaka kupunguza watu atoe taarifa, aeleze sababu, na ashauriane na chama kinachotambuliwa kabla ya kumgusa mtu. Kampuni ilikuja na orodha tayari, majina yamepangwa. Waliokuwemo wengi walikuwa wale wanaouliza maswali kwenye vikao, na wanawake wawili waliotoka likizo ya uzazi. Kamati ya tawi ikaikataa orodha, ikadai vigezo kwanza, majina baadaye. Wakabishana kwa majuma. Mwisho kikatumika kigezo cha aliyeingia mwisho kuwa wa kwanza kutoka, na wale kina mama wawili wako kazini hadi leo. Waliotoka walitoka kwa kiwango cha hali bora. Wapo waliojenga chumba na kuweka mpangaji kwa hela ile, na wapo walionunua bodaboda.

Katika waliolipwa walikuwemo wasiokuwa wanachama. Hili linawaudhi wengi, na mimi pia liliniudhi. Mtu hajachangia hata shilingi, anapokea sawa na aliyekatwa miaka yote. Sheria ina dawa yake: chama chenye wanachama wengi kikikubaliana na mwajiri, wasio wanachama nao hukatwa ada ya uwakala, isiyozidi ada ya mwanachama. Hela hiyo inawekwa kwenye akaunti yake, haiwezi kupelekwa kwenye chama cha siasa, na inapaswa kutumika kwa maslahi ya wafanyakazi wa sehemu hiyo hiyo ya kazi. Kwa hiyo kijana anayeniambia hataki chama ili asikatwe, namwambia aulize kwanza kama pale alipo kuna makubaliano ya uwakala. Kama yapo, atakatwa vilevile, halafu hatakuwa na kura ya kumchagua katibu wala kumtoa.

Na kuna jambo ambalo wanaokimbia ada hawalitazami. Chama hakipewi haki ya kujadiliana na mwajiri kwa kuwa kina jina kubwa Dar es Salaam au Dodoma. Kinapewa kikiwa na zaidi ya nusu ya wafanyakazi wa pale. Mkishuka chini ya nusu, mwajiri ana mlango wa kuuondoa utambuzi huo, mkipewa notisi na mkashindwa kurudisha idadi. Saini yako kwenye TUF 6, ile fomu ya kukubali kukatwa ada, inahesabiwa kuliko hela yako.

Sasa yule mtetezi. Mwenzangu wa idara ya kupakia aliachishwa kazi kwa tuhuma za wizi wa malighafi. Hakukuwa na kikao cha nidhamu cha maana, aliitwa asubuhi, jioni akakabidhiwa barua. Mtu akifukuzwa ana siku 30 tu za kupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Yeye hakulijua hilo, alikuwa kwao Kilosa anajitafutia utulivu. Katibu wa tawi ndiye aliyempigia simu kila siku mpaka akarudi, wakajaza fomu pamoja, na siku ya usuluhishi ofisa wa chama kutoka mkoani akakaa upande wake. Kampuni ilikuja na wakili. Tume haitozi ada, lakini kumpata wakili wako mwenyewe kwa mshahara wetu ni ndoto. Ofisa yule alikuwa amebeba kanuni za utendaji bora, akasoma taratibu za nidhamu moja baada ya nyingine na kuuliza kila moja ilifanyika lini. Walimaliza kwa maelewano, mwenzangu akalipwa, jina lake likasafishwa kwa barua.

Lakini chama hicho hicho, mkoa huo huo, kilimwacha mtu wa tawi lingine. Ni ndugu yangu, ndiyo maana nalijua kwa undani. Tawi lao lilikuwa la jina tu, katibu alishahama kazi, hakuna aliyechaguliwa badala yake. Alipofukuzwa akapiga simu mkoani, akaambiwa asubiri, ofisa yuko safari. Akasubiri kweli. Siku 30 zikapita. Baada ya hapo ni mpaka uombe kuongezewa muda na uwe na sababu nzito, naye hakuwa na mtu wa kumwandikia hayo maombi. Alikuwa amekatwa ada kila mwezi bila kukosa. Nikilikumbuka hilo nakasirika kama limetokea jana. Kama wewe uko kwenye tawi la namna ile, usiseme una chama.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosifia chama kwa jumla na wanaokilaani kwa jumla. Chama kimoja kinaweza kuwa na thamani kwenye geti moja na kuwa makato matupu kwenye geti la pili. Tofauti ni tawi: kuna kamati inayokutana, kuna mkataba wa hali bora ulio hai, kuna mtu anayepokea simu?

Malalamiko yangu makubwa ni hesabu. Kila mwaka Mei Mosi inapokaribia tunaletewa fulana na kofia, na kuna wanachama ambao hawajawahi kuona kingine. Fulana sizikatai, maandamano yana maana yake, ni siku yetu. Ninachokataa ni kuuliza mkutanoni sehemu gani ya ada inabaki tawini na sehemu gani inapanda juu, na kujibiwa kwa mistari mitatu iliyosomwa haraka haraka. Sheria inakitaka chama kikaguliwe hesabu zake kila mwaka, na ripoti ifikishwe kwenye mkutano wa wanachama au wawakilishi wao, na kwa Msajili wa vyama hivyo. Mwanachama ana haki ya kuziona hesabu. Nimeomba, nikaambiwa ziko makao makuu. Nitaomba tena. Hela ya mtu anayesimama kwenye joto la mashine usiku kucha haistahili kusimuliwa kwa mistari mitatu.

Mzee mmoja aliyestaafu pale kiwandani alikuwa akisema anazikumbuka NUTA na JUWATA, vyama vya wafanyakazi vya zamani, na kwake makato ya chama yalikuwa kama kodi nyingine. Namwelewa. NUTA iliundwa mwaka 1964 baada ya TFL, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, kuvunjwa, na katibu mkuu wake wa kwanza, Michael Kamaliza, alikuwa papo hapo waziri wa kazi. Mtu wa kumdai na mtu wa kukudaia walikaa kiti kimoja. JUWATA nayo ilikuwa jumuiya ya CCM. Vyama huru tulivyonavyo vilikuja miaka ya 1990 na baada ya hapo, lakini ile tabia ya kukatwa bila kuuliza tulirithishwa na wazazi wetu.

Walimu nao huniuliza, maana wao wanakatwa asilimia 2 kama mimi na mishahara yao ni mikubwa kuliko wangu, kwa hiyo makato yanauma zaidi. Kwao sina jibu rahisi. Mgomo wa chama chao, CWT, ulianza tarehe 30 Julai 2012, na siku chache tu baadaye Mahakama Kuu Divisheni ya Kazi ikausimamisha. Nyongeza ya mtumishi wa umma huja kwa tangazo: Mei Mosi ya mwaka 2025, Singida, Rais Samia alitangaza kima cha chini serikalini kupanda kutoka 370,000 hadi 500,000. Mwalimu anasikia tangazo kutoka jukwaani, haoni uzi unaounganisha asilimia 2 yake na nyongeza ile, hata kama viongozi wake waliomba miezi kabla. Mimi ninao mkataba wenye saini mbili, naweza kuufungua ukurasa na kuonyesha kipengele.

Kwa anayekaribia kusaini, ningemwambia hivi. Usianze na makao makuu. Mwombe katibu wa tawi nakala ya hali bora uisome mwenyewe, utazame mwisho wake ni lini. Muulize aliyefukuzwa mwaka jana alisaidiwaje, kisha mtafute huyo aliyefukuzwa umsikie. Uliza mkutano wa mwisho ulifanyika lini. Ukiona hakuna mkataba, hakuna mkutano, na fomu imeletwa na afisa utumishi badala ya mfanyakazi mwenzako, usisaini. Mkikusanyika watano kumi mnaweza kudai uchaguzi wa tawi au kutafuta chama kingine, sheria inawaruhusu. Na aliyekwisha kusaini akachoka, kutoka si vita: andika notisi ya mwezi mmoja kwa mwajiri na kwa chama, weka nakala yenye muhuri wa kupokelewa.

Mimi sitoki. Mkataba wetu unafika mwisho mwakani na kamati imeanza kukusanya madai. Nimepeleka mawili kwa maandishi: chumba cha kunyonyeshea, kwa kuwa zile saa mbili za kunyonyesha ambazo sheria inatupa hazina faida kama mtoto yuko Chanika, na posho ya joto kwa sisi wa mashine za kupuliza. La tatu nimelielekeza kwa chama chenyewe, kwamba hesabu za tawi zibandikwe ubaoni kila baada ya miezi mitatu.