Nimeuziwa kofia ya chuma "ya Normandy" ambayo Normandy haikufika

Si kawaida yangu kuandika mambo ya maduka, ila hili limenikaa kooni. Anayekusanya vitu vya Vita Kuu ya Pili hapa Ohio asome kabla hajatoa hela.

Miezi michache iliyopita nilinunua M1, ile kofia ya chuma ya askari wa Marekani, kwa muuzaji mwenye meza kwenye maonyesho ya vitu vya kijeshi. Dola 400 na ushei. Nusu ya bei hiyo ilikuwa ya kikaratasi alichokifunga kwa uzi: "Normandy, 6 Juni 1944", yaani siku Wamarekani na wenzao walipotua pwani ya Ufaransa. Nikaamini. Watu walikuwa wengi, mwanga hafifu, na mimi nimeitafuta kwa miaka.

Nyumbani nikapitisha kidole ukingoni. M1 imezungushiwa utepe mwembamba wa chuma, na ncha zake mbili hukutana mahali pamoja. Zile za kuanzia 1941 hukutana mbele, juu ya paji la uso. Mwishoni mwa 1944 kiungo kikahamishiwa nyuma. Kidole changu kilipita mbele kote, laini. Nikaendelea kuzungusha, kucha ikanasa kisogoni. Nikaishiwa nguvu. Waliotua ufukweni mwezi Juni wangevaaje kofia ambayo ilikuwa haijatengenezwa?

Tena si kiungo tu. Utepe wa mwanzo ulikuwa wa chuma kisichoshika kutu. Rangi haikukaa vizuri, na ikibanduka unameta, jambo baya kwa mtu anayejificha. Wakaubadili ukawa wa chuma cha manganizi kama kofia yenyewe. Wangu una kutu. Na vitanzi vya mkanda wa kidevu, ambavyo mwanzo vilichomelewa vikakaza na kung'oka vikigongwa, vyangu vinacheza kwenye bawaba. Hivyo peke yake visingenishtua, maana vilianza mwishoni mwa 1943. Lakini vyote pamoja!

Wiki iliyofuata nikamrudia. Sikwenda kwa shari. Nilimsalimu, nikaigeuza kofia nimwonyeshe kiungo. Akanipokonya mkononi, wala hakuitazama. Akaniuliza kwetu Afrika kulikuwa na vita gani mpaka nimfundishe yeye.

Babu yangu mzaa baba alikuwa Keya, askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki. Alipelekwa Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, akarudi na mguu ambao haukunyooka tena hadi anakufa. Nilitaka kumwambia hayo, sauti ikagoma. Nikachukua kofia yangu nikaondoka. Mpaka leo nikikumbuka mkono ule ukiivuta, damu inachemka.

Basi msinunue kwake. Nyota moja.

Ila kofia yenyewe, sitasema uongo, ni halali na ni nzuri. Ndani, mbele, kuna namba iliyogongwa bila herufi S juu yake. Maana yake imetoka McCord ya Detroit, waliokuwa watengenezaji wa rejeta, si Schlueter. Viwanda hivyo viwili vilitoa zaidi ya milioni 20 hadi vita inaisha, na bado katikati ya haraka ile kuna mtu alirudi kurekebisha kitanzi kinachong'oka na ukingo unaometa. Mikononi inatulia, nzito, rangi yake chakavu ya kijani ina chengachenga. Nilikusudia kuirudisha, sasa hata akinipa hela yote siitoi. Labda nyota tatu.

Hapana. Tatu ni za waliotengeneza kofia, yeye abaki na moja yake, na dola zangu 200 azirudishe. Kikaratasi nimekikata uzi na kukiweka kwenye bahasha. Maonyesho yajayo naenda nacho, pamoja na picha ya babu akiwa na sare yake.