AS Douanes wakiwa Dakar Arena, nenda tu
Kama uko Dakar na unapenda basketi usiwakose hawa jamaa, timu ya watu wa forodha, ndo maana ya jina lenyewe, mi mwanzo nilidhani utani 😂 Ndo waliofika fainali ya BAL 2023, ile ligi ya basketi ya klabu za Afrika, kule Kigali wakapigwa na Al Ahly ya Misri 80-65, mashambulizi yao ndo yananitia presha maana kwa pointi 65 kombe unalisikia tu redioni. Ukumbi uko Diamniadio, mbali na mjini, panda treni ya TER ukwepe foleni, unaingiza watu 15,000 na ngoma za mashabiki hazinyamazi kabisa. Ila jezi niliyonunua kwa muuzaji wa nje, namba imebanduka kufua mara mbili tu. Nyota 4.