Modeli ya Bahari Niliyouziwa Hukimbiza Maji Yaliyotulia

Mwaka jana, kusi ilipoanza kuvuma, nililipia huduma ya modeli ya mzunguko wa bahari, yaani programu ya kompyuta inayokokotoa mwendo wa maji, iliyotayarishwa na kampuni moja kwa ajili ya maji ya Mombasa. Nilitaka kukadiria mafuta yakimwagika nje ya Likoni yataelekea wapi. Kwa wiki kadhaa niliyaamini matokeo yake, na hilo ndilo linaloniuma mpaka sasa.

Siku moja nilifanya jaribio ambalo wao walipaswa kulifanya kabla ya kuniuzia chochote. Niliondoa upepo, nikaondoa kujaa na kupwa, nikafunga mipaka yote, kisha nikayapanga maji kwa matabaka, mepesi juu na mazito chini, bila tofauti yoyote kutoka mahali hadi mahali. Bahari ya namna hiyo haina sababu ya kusogea. Baada ya siku 10 kwa hesabu ya modeli, maji yalikuwa yakienda sentimita 12 kwa sekunde nje ya mwamba, pale sakafu inapoporomoka kuelekea bahari kuu.

Chanzo chake kinajulikana. Matabaka ya gridi hii, yaani vyumba ambamo modeli huigawa bahari ili kuikokotoa, hufuata umbo la sakafu, kwa hiyo kani ya shinikizo katika milinganyo ya momenta, ile inayoeleza mwendo wa maji, hupatikana kwa kutoa kiasi kikubwa kutoka kiasi kingine kikubwa kinachokaribia kulingana nacho. Penye mteremko mkali, kosa dogo la makadirio halifutiki, bali hubaki likiwa kani ya uongo inayosukuma maji. Mtafiti Robert Haney alilichambua jambo hili mwaka 1991, na jaribio la mlima wa chini ya bahari la watafiti Beckmann na Haidvogel la mwaka 1993 hutumika kulipima. Anayeuza modeli ya pwani yenye mteremko kama wetu hawezi kudai kwamba hakuarifiwa.

Nilipopiga simu, kijana aliyepokea aliniambia, "Mama, bahari haitulii. Mkondo upo, hata wavuvi wanaujua." Wavuvi wanaujua mkondo uendao kaskazini, kweli, lakini huo hauwezi kuzaliwa ndani ya faili isiyo na upepo, wimbi wala mlango. Nilimweleza hivyo kwa upole, naye akakata simu.

Nilikusudia kuandika kwamba modeli hii haifai kabisa. Haki inanilazimu kusema kwamba nilipobadilisha fomula ya shinikizo kwa ile ya daraja la juu, yenye makadirio sahihi zaidi, na kuulainisha mteremko, mkondo wa uongo ulishuka chini ya sentimita 1 kwa sekunde. Programu yenyewe, basi, ni nzuri, na aliyeitayarisha kwa maji yetu ndiye aliyezembea. Lakini huko kulainisha kumeufuta ule ukingo mkali ambao kwa ajili yake nililipa, kwa hiyo nairudia hasira yangu: kwa maji ya nje ya mwamba, msiinunue kama ilivyo.

Ramani za mafuta nilizokwisha kuwapa wenzangu nimezifuata moja baada ya nyingine, na kila aliyeipokea ameniuliza ni ipi sasa aiamini.