Kuchonga muhuri: raba ya kufutia au lino?

Kama ndo unaanza, chukua raba ya kufutia penseli, ile nyeupe laini ya plastiki, iko kila duka la vitabu Nairobi. Kisu kinapita tu kama kwa siagi, na mchoro ukiuchora kwa penseli kwa karatasi alafu uugandamize kwa raba unatokea ushageuka wenyewe, so herufi hazitasomeka kinyumenyume ukipiga muhuri. Shida ni udogo, na ukichonga mistari myembamba sana inakatika. Pia usiiweke juu ya plastiki, itagandana nayo nikama imepigwa gluu, mi zangu nazifunga na karatasi.

Lino nayo ni mafuta ya kitani na unga wa koki (ile ya vizibo vya chupa) juu ya kitambaa cha juti, ilianza Uingereza miaka ya 1860 kama ya kutandika sakafu. Inashika mistari mikali na unapata kipande kikubwa, lakini ni ngumu, haswa asubuhi za Julai vile baridi inakuwa huku, iweke kwa jua kwanza ilainike. Na mkono usikae mbele ya kisu, wacha tu! Kadi ndogo mi bado nachonga kwa raba, mabango ndo lino.